Kushuka Bagamoyo, Jimbo Letu Lilikozaliwa

Sisi tuliobatizwa katika Jimbo la Morogoro tumekua tukisikia kwamba imani yetu ilipanda kutoka pwani. Mapadre huisema kwenye mahubiri, wazee huirudia kwenye jubilei, nasi tunaijua kama mtu anavyolijua jina la babu yake aliyefariki kabla hajazaliwa. Mimi nilitaka kuishuka njia hiyo kwa macho yangu, kutoka bara hadi bandarini, nione kilichokuwepo kabla ya kuwepo jimbo.

Stendi ya Msamvu nilipanda basi la kwenda Tanga ili nishukie Msata. Tulipita Chalinze, tukapita Lugoba, na pale Msata nikahamia kosta ya Bagamoyo. Njia yote ni lami. Kiwangwa mananasi yamepangwa kando ya barabara kwa mafungu, na dada niliyeketi naye aliyanunua dirishani kabla gari halijasimama sawasawa. Tukavuka Mto Ruvu, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kingani. Hapo niliacha kuzungumza. Bonde hili ndilo walilolivuka wapagazi wa misafara wakishuka na pembe za ndovu mabegani, na ndilo walilovushwa watu waliofungwa minyororo shingoni wakipelekwa kuuzwa Zanzibar.

Bajaji ilinishusha penye barabara ya miembe mikubwa iendayo misheni. Katekista mmoja mzee alikuwa ameketi barazani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu mwanangu, unatoka wapi?"

"Shikamoo mzee. Natoka Morogoro."

"Marahaba. Basi hukuja ugenini."

Alinipeleka kwanza ufukweni, kwenye msalaba unaokumbusha mwaka 1868. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Zanzibar tangu 1863, wakiwa na prefektura ya kitume, yaani eneo la misheni lisilo bado na askofu, iliyoitwa Zanguebar, iliyoanzishwa 1860. Padre Antoine Horner ndiye aliyeivusha misheni hadi bara, na tarehe 4 Machi 1868 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa misheni hapa. Watu wa kwanza wa misheni hiyo hawakuwa wenyeji wa Bagamoyo. Mji ulikuwa wa Kiislamu, na hadi leo Waislamu ndio wengi. Watu wa misheni walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani kwa fedha, wa makabila mbalimbali ya bara, wengi wao wasijue tena njia ya kurudia kwao. Walisomeshwa, wakafundishwa useremala, uashi na kilimo, na waliofunga ndoa wakapewa nyumba katika kijiji kilichoitwa cha Mtakatifu Yosefu.

Nilimwuliza mzee kama kijana aliyenunuliwa sokoni aliweza kukataa maisha aliyopangiwa. Hakulikwepa swali. "Kengele iliwaamsha, kengele ikawalaza," alisema. "Lakini hakuna aliyewauza tena." Mimi naona yote mawili yasemwe pamoja. Ukombozi ule ulikuwa wa kweli, na amri zake zilikuwa kali.

Aprili 1872 kimbunga kiliangusha karibu kila kitu, wakaanza upya. Mnara wa kanisa la kwanza ungalipo, na wageni huupiga picha kwa sababu mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa pale Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi mingi kutoka bara. Mzee ana neno lake juu ya hilo, na naliunga mkono. "Wakija wanauliza Livingstone alilala wapi. Yule alilala usiku mmoja. Waliojenga wamelala humu moja kwa moja, na hawaulizwi." Akanionyesha kwa mkono upande wa makaburi.

Kwenye makaburi ya wamisionari nilikaa muda mrefu. Wengi waliozikwa pale homa iliwachukua wakiwa bado vijana. Nilisali, kisha nikaingia makumbusho, katika nyumba iliyokuwa ya masista. Kuna minyororo halisi ya watumwa, ya chuma kizito kilicholiwa na kutu, na kuna picha za zamani za misheni. Pale ndipo nilipoipanga historia ya maaskofu kichwani mwangu.

Kwa miaka 15 ya mwanzo Bagamoyo haikuwa na askofu. Mwaka 1883 Zanguebar ilipandishwa kuwa vikarieti ya kitume, yaani eneo la misheni lenye askofu ila halijawa jimbo kamili, na Raoul de Courmont, Mfaransa, akawa askofu wake wa kwanza. Eneo lake lilikuwa kubwa mno, toka pwani hadi ndani sana. Wakati wa vita vya Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani, na Wajerumani, 1888 na 1889, misheni ya Bagamoyo ikawa kimbilio la maelfu ya watu. Na mwaka 1890 Askofu de Courmont mwenyewe alitembea kwa miguu hadi Kilimanjaro, pamoja na mapadre Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger, kutafuta mahali pa misheni, na misheni ya Kilema, huko Kilimanjaro, ikatokana na safari hiyo. Alijiuzulu 1896.

Jina la Bagamoyo lilikuja kubebwa na vikarieti mwaka 1906, miaka 38 baada ya ule msalaba. Askofu wake alikuwa François-Xavier Vogt, mtu wa Alsace. Mwaka 1910 sehemu ya kaskazini ilikatwa ikawa vikarieti ya Kilimanjaro. Kanisa kubwa linalosimama leo lilianza kujengwa mwaka huohuo na kukamilika 1914, mwaka vita vya kwanza vya dunia vilipoanza. Vogt aliyavuka yale yote, kisha 1923 akahamishiwa Kameruni, akafia huko 1943. Baada yake alikuja Mwingereza, Bartholomew Stanley Wilson, kuanzia 1924 hadi alipopelekwa Sierra Leone 1933, na kisha Mholanzi, Bernard Hilhorst, tangu 1934.

Lakini bandari ilikuwa imekwisha kufifia. Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam 1891, na reli ya kutoka huko ilifika Morogoro 1907. Mizigo haikuwa na haja tena ya kupita Bagamoyo. Waumini nao walikuwa wengi zaidi huko juu, Uluguru na kwingineko, kuliko pwani. Tarehe 25 Machi 1953 ikatangazwa Jimbo la Morogoro, na Hilhorst akawa askofu wake wa kwanza, ila kwa muda mfupi tu, kwani alifariki 1954. Katika miaka ya 1960 tulimpata mzalendo wa kwanza, Askofu Adriani Mkoba. Bagamoyo, iliyokuwa na jina la jimbo, ikabaki parokia ndani ya jimbo letu.

Nilimwambia mzee kwamba sisi wa Morogoro tunapaswa kulitaja hili kwa sauti zaidi: kiti cha askofu wetu kilitoka hapa. Alitikisa kichwa. "Sasa kimerudi," akasema. Machi 2025 Papa Fransisko aliunda upya Jimbo la Bagamoyo, kwa kumega Morogoro na Jimbo Kuu la Dar es Salaam, na kumteua Stephano Musomba, wa Shirika la Mtakatifu Augustino, kuwa askofu wake. Miaka 72 ilikuwa imepita tangu 1953. Mzee alinisimulia habari hiyo amesimama wima, mkono kifuani.

Kilichonigusa zaidi ni mpangilio wa mambo. Walitangulia watu waliokombolewa, wakajenga, wakaoana, wakazikwa, maaskofu wakafuata. Na vituo vya bara havikuanzishwa na mapadre peke yao. Mapadre walipopanda Mhonda, huko Turiani, 1877, familia za Kikristo kutoka kijiji cha Bagamoyo zilipanda nao, na Wanguu wa huko walimwona Mkristo Mwafrika analima na kulea watoto tangu mwanzo. Majina yao hayamo katika orodha tunazozisoma kwenye jubilei, na ningependa jimbo jipya liyatafute katika vitabu vya ubatizo na kuyaandika mahali pa kusomeka.

Mzee alinipa jina la kigango kimoja cha Turiani nitakapoulizia wajukuu wa familia hizo. Nikirudi Morogoro nitapanda gari la Mhonda.