Waliniambia niache deni kidogo kwenye kadi

Nilipofika Columbus, Ohio, kila Mswahili niliyekutana naye alikuwa bingwa wa kadi za mkopo. Ushauri wao kuhusu alama za mkopo, zile namba zinazoonyesha unavyoaminika kulipa madeni, ulikuwa mmoja: "Usilipe zote, mdogo wangu. Bakiza kidogo, ndipo alama zako zipande." Nami kwa utiifu nikawa nabakiza dola 40 kila mwezi. Hizo 40 hazikupandisha alama yoyote. Zilileta riba.

Na haikuja juu ya 40 peke yake. Ukibakiza deni unapoteza zile siku za bure, za kati ya kununua na mwisho wa kulipa, ambazo hazina riba: kila unachonunua baada ya hapo kinahesabiwa riba tangu siku uliyokinunua. Kadi yangu ilikuwa ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani kama 2 kwa mwezi. Dola nne, tano, zikaenda hivyo kila mwezi, kwa mafuta ya gari ambayo hela yake nilikuwa nayo mfukoni!

Nikaja kushtuka, nikalipa zote. Mwezi uliofuata, riba tena. Nikawapigia simu benki nikiwa nimefura. Kumbe riba huhesabiwa kila siku mpaka malipo yafike. Siku zilizopita kati ya taarifa ya deni ya mwezi kutoka na mimi kulipa zilikuwa na riba yake. Nikalipa na hiyo, ikakoma.

Kwa kawaida benki hupeleka kwa wanaopima alama deni lililopo siku taarifa inapofungwa. Yangu hufungwa tarehe 12, mwisho wa kulipa ni tarehe 7. Kikomo cha deni kwenye kadi kilikuwa dola 500, nilizoweka mwenyewe kama dhamana, na deni likizidi asilimia 30, yaani 150, alama huyumba zaidi. Tairi nne zilikuwa mia tatu na kitu. Nikazinunua Machi 13, siku moja baada ya kufunga, makusudi: taarifa ifungwe Aprili 12, nilipe Mei 7. Siku 55 bila riba. Ila nilikuwa natafuta nyumba ya kupanga, na wenye nyumba huku huchungulia alama, basi Aprili 9 nikatanguliza 300. Taarifa ikatoka na sitini hivi. Nilijiona profesa.

Kutoa pesa taslimu kwa kadi hii, usithubutu: ada papo hapo, na riba siku hiyo hiyo. Nilipokwenda Zanzibar mashine ya dukani iliniuliza, dola au shilingi? Chagua shilingi. Ukichagua dola, kiwango cha kubadilisha wanakipanga wenye mashine, na hawakupangii kwa kukuonea huruma.