Wiki nane bila kukanyaga sokoni

Niliteleza kwenye ngazi nikiwa na ndoo ya maji, masika ya mwaka jana, wakati huku Kinyerezi, Dar es Salaam, mtaa wetu ulikuwa tope tupu. Kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika. Daktari alinifunga plasta, akaniambia nisiukanyagie mguu huo kwa wiki sita, kisha nitembelee magongo wiki mbili nyingine. Nikiwa ndani ya bajaji narudi nyumbani, maumivu yote yale, nilichokuwa nakiwaza ni Jumamosi.

Kwa miaka 11 Jumamosi yangu ilikuwa inaanza saa kumi na moja alfajiri. Nabeba vikapu viwili, napanda daladala, nakwenda soko la Buguruni kununua mboga na matunda ya wiki nzima. Kila baada ya wiki mbili naunganisha hadi Feri kutafuta samaki. Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe, ambaye ana kisukari na ugali wake ni wa dona tu, kidogo, na mboga za majani kwa wingi. Kazi ya mume wangu ni ya zamu, Jumamosi nyingi hayupo. Dada wa kazi alikuwa amekwenda kwao Singida kuuguza mzazi. Kwa hiyo ama chakula kitufuate nyumbani, ama tule kinachopatikana dukani kwa Mangi.

Nilianza na kilichoonekana rahisi, programu ya simu ya duka kubwa moja la hapa mjini. Unachagua kwa picha, unalipa kwa simu, wanaleta. Saa nne asubuhi niliagiza mchele kilo 5, dona kilo 5, mafuta ya kupikia lita 3, sabuni, maziwa, nyanya, karoti, hoho na mchicha. Kuletewa mpaka kwetu ilikuwa shilingi 5,000. Bodaboda alinipigia saa kumi jioni: "Mama, nipo hapa kwenye nguzo ya umeme, nielekeze." Nyumba yetu ina kibao cha namba tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, na namba hiyo niliiandika kwenye oda. Haikumfaa kitu. Nilimwelekeza kama tunavyoelekezana siku zote: pita msikiti, kata kushoto kwa fundi cherehani, tafuta geti la bluu. Alipiga mara tatu kabla hajafika.

Mifuko niliifungulia kitandani. Mchele, mafuta na sabuni vilikuwa sawasawa, na bei ndiyo ileile niliyoiona kwenye simu. Dona haikuwemo. Walikuwa wameweka sembe, bila hata kunipigia. Na chini kabisa, chini ya dumu la mafuta, nyanya zilikuwa zimepasuka, maji yake yameloanisha mchicha, nao mchicha ulishalala kwa joto la mchana kutwa. Niliuchambua jani kwa jani nikabaki na konzi moja. Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani pembeni yangu. Hakusema neno. Usiku ule alikula mboga bila ugali, na hilo liliniuma kuliko mguu.

Ndipo nikaelewa kwamba ile 5,000 ilikuwa inalipa mwendo wa bodaboda tu. Jicho la kuchagua, ambalo sokoni nilikuwa natumia langu bure, halikuwemo kwenye bei. Mchele uliofungwa kiwandani ni uleule hata aushike nani. Nyanya sivyo. Mimi nyanya nachukua ngumu za siku nne, zinazoanza kuiva za siku mbili, na chache za jioni hiyohiyo. Nazi naitikisa nisikie maji, kisha naangalia macho yake kama ni makavu. Bamia navunja ncha: ikikatika ni changa, ikipinda inarudi kwenye fungu. Kitunguu nakibonyeza shingoni. Kwenye simu hapakuwa na pa kuyaandika haya.

Kabla sijapata njia nzuri nilipigwa mara moja. Muuza samaki wa mtandaoni, picha za changu na kibua zinang'aa utadhani ndiyo wanatoka majini. Aliomba hela yote kwanza, "na ya kutolea kabisa". Nikatuma 28,000. Simu yake haijapatikana mpaka leo. Tangu siku hiyo nalipa nusu kwanza na nusu mzigo ukifika, au nalipa kwa Lipa Namba na kusoma jina linalojitokeza kabla sijaweka namba ya siri. Jina likiwa geni, nasitisha hapohapo. Nalisisitiza hili kwa wenzangu walio kitandani, walio na kichanga au wanaouguza, maana mwenye shida ana haraka, na haraka ndiyo wanayoitegea hawa watu.

Aliyeniokoa ni binti mmoja ambaye mume wangu aliambiwa habari zake kazini. Anazunguka Buguruni na Ilala kwa niaba ya familia za watu. Oda anafunga Ijumaa saa tatu usiku kwenye WhatsApp, saa kumi alfajiri yuko sokoni, na saa tatu asubuhi bodaboda wake wanaanza kutawanyika. Anachukua shilingi 3,000 ya kuzungukia soko, na nauli ya boda kulingana na umbali.

Wiki ya kwanza aliniletea bamia zilizokomaa, ngumu kama vijiti. Nilisita. Ningeweza kumuacha nitafute mwingine, lakini mwingine naye angekuwa hajui ninachokitaka. Nikamtumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nikamweleza bamia, nazi, vitunguu, na kwa nini nyanya za nyumba yangu haziwezi kuiva zote siku moja. Jumamosi iliyofuata, saa kumi na moja na nusu, simu ikaita mlio wa ujumbe. Ilikuwa video ya sekunde chache: kidole gumba chake juu ya ncha ya bamia, kikasukuma, ikakatika. Ule mkatiko niliusikia hata ndani ya kelele za wapakua mizigo. Nililala pale nikiirudia video ile kama mara tano hivi. Ulikuwa mkono wa mtu mwingine, lakini ulikuwa unafanya kazi yangu.

Baada ya hapo tulikubaliana mambo, moja baada ya jingine kadiri makosa yalivyotokea. Naandika na matumizi, siandiki kiasi peke yake: "nyanya sado moja, za kuchanganya", "ndizi za kupika Jumapili". Kisichopatikana asiweke kingine bila kuniuliza. Viazi na nazi vikae chini, majani juu, yamefungwa kwenye kitambaa chenye unyevunyevu. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na ile mbadala ikibeba viazi na nazi hupasuka njiani, kwa hiyo nikampelekea vikapu vyangu vilevile vya Buguruni. Kimoja kinakuja kimejaa, kingine boda anarudi nacho kitupu. Nilipoona kikapu changu kinaingia getini bila mimi, nililia kidogo. Nakisema kwa sababu mtu aliyezoea kulisha nyumba yake kwa mikono yake, akitenganishwa ghafla na kazi hiyo, anapungukiwa kitu kikubwa kuliko mboga.

Wiki ya nne nyanya zilipanda bei karibu mara mbili. Siku zangu za kwenda mwenyewe ningejua sababu kabla hata sijafika kwenye meza: wapakuaji wanaongea, lori la nyanya kutoka Ilula limechelewa, mvua imeharibu mashamba, tenga limefika kiasi fulani. Kitandani unaandikiwa bei, basi. Nikaanza kumshuku binti wa watu. Nikampigia mama wa genge la pale kona kuuliza.

"Mwanangu, hata mimi fungu la nyanya nne nauza elfu moja," akaniambia. "Wateja wananigombeza kama nazilima mimi." Halafu akanyamaza kidogo, akasema taratibu, "Naona boda zinashusha kwako kila Jumamosi."

Hakusema kwa ubaya. Siku mbili kabla alikuwa amekuja kunipa pole na chana la ndizi mbivu, akakataa hela. Huyu mama ndiye aliyekuwa ananipa mchicha na nyanya kwa mkopo mshahara ukichelewa, bila kuandika popote, na kila nikinunua anatupia ndimu au pilipili mbili za nyongeza. Programu ya simu haina nyongeza. Haina mkopo wa mpaka tarehe 30. Na mimi, katika hesabu zangu zote za nani aniletee nini, sikuwa nimemuweka, ilhali genge lake liko hatua 200 kutoka getini kwangu. Niliona aibu, na bado naiona.

Kuanzia wiki hiyo majani yote ya kila siku, mchicha, matembele na kisamvu, yakawa yanatoka kwake. Mjukuu wake anayaleta akirudi shule, bila nauli, mara nyingine mizizi bado ina udongo mbichi. Hakuna mchicha ulioletwa na boda uliowahi kufika kwangu ukiwa hivyo. Mama mkwe alikuwa anausubiri sebuleni ili auchambue mwenyewe.

Kuhusu fedha, nilipiga hesabu mwishoni. Kwenda mwenyewe, nauli za daladala na bajaji ya mzigo kutoka kituoni, nilikuwa natumia kama 4,000 kwa safari. Kuletewa na binti ilikuwa inafika 7,000. Tofauti ya 12,000 kwa mwezi inauma kwa nyumba kama yetu. Lakini sokoni nilikuwa natoka pia na vitu ambavyo sikuviendea, mara sahani, mara nguo ya mtumba ya mtoto, na chai ya asubuhi na chapati. Vyote hivyo vilikoma. Kwenye ile programu ilikuwa kinyume: watoto walijifunza kuongeza biskuti kwenye oda kabla sijalipa, ikabidi simu iwe inakaa chini ya mto wangu.

Sasa mguu umepona. Vya kufungwa kiwandani naagiza kwenye programu ileile mara moja kwa mwezi, na nimeandika pale kwenye maelezo kwamba dona ikikosekana wanipigie. Wanapiga. Buguruni nakwenda Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ili nijue bei na nionane na watu wangu. Samaki sijaweza kumwachia mtu. Lazima nimfunue mashavu nione wekundu wake, na nimtazame jicho, hivyo Feri nakwenda mwenyewe. Jumamosi zilizobaki kikapu kinatangulia kwa binti.

Jana usiku, dakika chache kabla hajafunga oda, aliniandikia: "Dada, kesho kuna bamia changa zinaingia. Nikuwekee?"

Nikamjibu aniwekee mafungu mawili, ila avunje ncha kwanza.

"Siku hizi wauzaji wakiniona nakuja," akaandika, "wanazivunja wenyewe."