Gitaa la Hadibodi

Majira ya baridi ya mwaka 2009 niliishi kwa mjomba wangu, New Jersey, Marekani. Ujanani alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi Dar es Salaam. Ugenini akawa fundi wa magitaa, karakana yake ikiwa chini ya nyumba. Jioni moja akaniita, "Mjomba, njoo uone kazi ya watu."

Mezani palikuwa na Silvertone jeusi la miaka ya 1960, gitaa la wanafunzi lililouzwa na maduka ya Sears na kutengenezwa na kampuni ya Danelectro, papo hapo New Jersey, mjini Neptune. Boksi lake ndilo lililobeba amplifaya na spika, kwa hiyo mtoto alihitaji gitaa, boksi na umeme tu, akaanza kujifunza.

Nikalinyanyua. Lilikuwa jepesi mno. Mjomba akafungua skrubu, akainua kibao cha mbele, akanimulikia tochi ndani. Fremu ya mbao za kawaida, na juu na chini yake hadibodi, ile ile tunayoezekea dari! Ubavuni kulizungushwa utepe wa plastiki kuficha maungio. Kampuni ya magitaa ya Fender nayo, mwaka 1956, ilitoa magitaa ya wanafunzi yenye nyuzi za urefu wa inchi 22.5 kwa ajili ya vidole vidogo, lakini miili yake ilikuwa ya mbao nzima. Danelectro walibana gharama kwenye mwili wenyewe.

Kilichonishika zaidi ni vinasa sauti, vile vinavyokaa chini ya nyuzi na kunasa mtikisiko wake. Sumaku na koili vilifichwa ndani ya vifuniko kama vya lipstiki, vile vya chuma kinachong'aa. Ukiwasha viwili kwa pamoja vinaungana kwa mfululizo, sauti inapanda na kunenepa. Mpaka leo sijasikia kinasa cha bei kubwa chenye uwazi ule.

Mjomba alibadilisha kapasita zilizochoka za amplifaya, akafunga nyuzi mpya, akapiga ridhimu ya dansi taratibu. Kila uzi ulisikika peke yake, ukilia kama kengele ndogo. Binti yake akashuka ngazi na soksi miguuni.

"Baba, hilo la nani?"

"Lako, mama. Kaa hapa, tuanze na kodi ya C, nyuzi zilie pamoja."

Nikamvutia kiti.