Guta lilinigomea mlima wa Kitangari, nikanunua pleti za klachi mara mbili

Mwezi wa sita mwaka jana nilikuwa nabeba salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Wenye mikorosho wanajua, kipindi hicho mikorosho inatoa majani mapya na maua, ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga) unaanza, kila mtu anahangaika na salfa na bomba la kupulizia, na sisi wenye maguta, zile pikipiki za matairi matatu za mizigo, ndo msimu wetu wa kwanza, wa pili unakuja mwezi wa kumi minada ya korosho ikifunguliwa. Sasa siku hiyo natoka Kitangari napandisha Newala na mifuko 20 ya kilo 25, yaani nusu tani kamili, mzigo ambao guta langu la cc 200 lilikuwa linaubeba bila shida miezi michache nyuma.

Nilipoanza kuukamata mlima nikashusha gia namba mbili, nikavuta mafuta, injini ikalia kweli kweli lakini guta haliendi, linatambaa tu. Nikaweka namba moja, hivo hivo, mlio unapanda tairi hazijui. Afu ikaja ile harufu, aliyewahi kuunguza klachi anaijua, kama kamba ya katani inaungua taratibu na inakukaa puani mpaka jioni. Dogo ninayetembea naye akaruka akaweka jiwe nyuma ya tairi, tukashusha mifuko 10 pembeni ya barabara, tukapeleka nusu juu, tukarudi kuchukua nusu. Kazi ya saa moja ikala mchana mzima.

Kesho yake nikanunua pleti za klachi, seti 30,000, ufundi 15,000, nikafungiwa nikaondoka. Wiki mbili tu, hali ile ile. Nikanunua tena. Yaani 90,000 imetoka na guta bado halipandi mlima, na hapo kuna marejesho ya kila wiki yananisubiri. Naandika haya kwa sababu najua vijana wengi huku kwetu Newala, Tandahimba, Nanyamba mpaka kule Lindi wapo kwenye mzunguko huu huu, guta halivuti jibu ni "klachi imeisha", unanunua, mwezi haujaisha unanunua tena, na hakuna anayekuuliza klachi inaishaje ndani ya wiki mbili.

Aliyeniuliza ni fundi mmoja mtu mzima pale Newala, nilipelekwa na jirani. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza, hakugusa hata spana. Akasema, "Njomba, kabla hatujafungua bolti hata moja niambie kitu kimoja, likikataa, mlio wa injini unapanda au unashuka?"

Nikabaki kimya kwanza kwa sababu sikuwahi kulifikiria hivo. Na swali lenyewe ndo kila kitu. Guta, pikipiki, bajaji, chochote chenye injini na klachi, kikikosa nguvu kuna njia mbili. Ama injini inatoa nguvu lakini haifiki kwenye tairi, hapo utasikia mlio unapanda juu mwendo hauongezeki, hiyo ni klachi inateleza. Ama injini yenyewe haina nguvu ya kutoa, hapo ukivuta mafuta mlio unakuwa mzito, unashuka, inasitasita, inakohoa. Ukishajua uko upande gani umeshaokoa nusu ya hela.

Tukaenda kujaribu barabara ya tambarare, guta tupu. Akaniambia weka gia namba nne mwendo mdogo, afu vuta mafuta ghafla mpaka mwisho. Klachi mbovu hapo mlio unaruka wenyewe kama umeweka nyutro. Langu halikuruka, lilizama, likanguruma kama linaziba pumzi, ndo likaja kuchanganya polepole sana. Akatikisa kichwa akasema "shemeji yangu, wewe una magonjwa mawili, na la kwanza ndo linazaa la pili."

Alianza na vitu vya bure, na mi sa hivi nafuata mpangilio wake huo huo. Tulinyanyua nyuma kwa jeki, nyutro, tukazungusha tairi kwa mkono, ya kulia ikazunguka vizuri, ya kushoto ikakaza. Akamwaga maji kidogo kwenye dramu ya breki ya kushoto, ikafanya chwaaa kama kikaango. Breki shuu zilikuwa hazirudi vizuri, kwa hiyo muda wote nilikuwa naendesha huku nimeshika breki nusu bila kujua, ukiongeza nusu tani na mlima jumlisha mwenyewe. Tukalegeza, tukapaka grisi kidogo kwenye ile pini inayozungusha shuu (sio kwenye shuu zenyewe jamani). Akakagua na mfuniko wa tanki, kile kitundu cha kupumulia kikiziba na vumbi petroli inashindwa kushuka, guta linakwenda vizuri robo saa afu linaanza kuishiwa, ukifungua mfuniko unasikia pssi. Langu lilikuwa zima hapo.

Ndo akafungua ea klina, kile kichujio cha hewa ya injini. Sitasahau. Ile sponji haikuonekana kama ni sponji, ilikuwa imejaa unga wa manjano umeshikana na udongo mwekundu wa uwanda wetu, ukiukwangua na kucha unatoka vipande. Salfa! Mifuko ikichanika kidogo tu unga unapeperuka, na njia ya hewa ya guta iko hapo hapo karibu na bodi, basi linavuta salfa siku nzima. Na mi kila siku nalipangusa guta langu nje linang'aa, ila ile sponji sikuwahi kuifungua tangu nilinunue.

Plagi nayo tukaitoa, nyeusi, masizi makavu kama chungu cha kuni. Plagi inayochoma vizuri inakuwa na rangi ya kahawia hivi, ikiwa nyeupe ujue hewa nyingi petroli kidogo na injini inachemka, ikiwa nyeusi ya masizi ujue petroli nyingi hewa haitoshi. Kwangu kabureta ilikuwa haina kosa lolote, petroli inakuja kama kawaida ila hewa imezibwa, kwa hiyo nguvu hakuna na mafuta yanaliwa. Angekuja fundi mwingine angeanza kubadili jeti za kabureta hapo.

Sponji tuliiosha kwa mafuta ya taa afu maji ya sabuni, ikakaushwa kivulini, ikapakwa oili kidogo na kukamuliwa ili ishike vumbi. Kuna watu wanaitoa kabisa wanasema guta linapumua vizuri, nawaomba msifanye hivo, kichanga chetu kikiingia kwenye silinda kinasaga ringi na bloku na hapo hela yake sio ya pleti tena. Na salfa inashika moto haraka, usiifungue hiyo klina huku una sigara au karibu na mtu anachomelea.

Akaseti na tapeti, yaani ile nafasi ndogo ya valvu, injini ikiwa baridi kabisa, kwa fila geji (kile kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.08, maana hizi injini za maguta nyingi zimefuata muundo wa Honda CG wa fimbo za kusukuma valvu na ndo kipimo alichotumia. Valvu ikibana sana haifungi sawasawa injini ikipata moto, kompresheni inavuja, guta asubuhi zima mchana limechoka. Yangu ya ekzosi ilikuwa imebana.

Sasa klachi. Aliniuliza, "Oili gani umeweka?" Nikamwambia ukweli, oili ya gari, ilibaki kwa mjomba alipobadilisha kwenye gari lake dogo, ilikuwa nzuri haijatumika nikaona isipotee. Akaweka spana chini. Akanieleza kwamba injini ya gari dogo na klachi yake havichangii oili, ila pikipiki na guta klachi imezama mule mule kwenye oili ya injini. Oili nyingi za kisasa za magari madogo zimewekwa dawa za kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukiiwekea hiyo unazifundisha pleti kuteleza. Kwenye chupa ya oili tafuta alama ya JASO MA, ni kipimo cha Wajapani kwa pikipiki ambazo klachi yake iko ndani ya oili. Ukiona JASO MB acha, hiyo ni ya skuta ambazo klachi haiogi oili. Nimezunguka maduka kadhaa hapa, alama ipo nyuma ya chupa kwa maandishi madogo, we igeuze usome.

Alipofungua zile pleti nilizonunua juzi, za msuguano zimekuwa nyeusi zinang'aa kama kioo, na moja ya chuma ina madoa ya bluu. Bluu ni moto. Akaiweka hiyo ya chuma juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akapitisha fila geji chini yake ikaingia, maana yake imepinda, na iliyopinda hata uifungie na pleti mpya itateleza au itang'ang'ania. Zile pleti nyingine za chuma zilikuwa safi akazirudisha. Spring akazipanga pembeni ya mpya, za zamani zilikuwa fupi kwa unene wa ukucha hivi, hazikamui tena. Mara zote mbili nilizobadilishiwa pleti hakuna aliyegusa spring! Afu lile bakuli linalobeba pleti, kingo zake zilikuwa zimelika vijishimo, pleti inanasa hapo haitembei vizuri, akazipitisha msasa wa chuma taratibu mpaka zikalala.

Pleti mpya alizilaza kwenye oili usiku kucha kabla ya kufunga, ukizifunga kavu zinaungua siku ya kwanza. Bolti za spring akakaza kwa msalaba kidogo kidogo. Na mwisho kebo, ile shikio ya klachi lazima icheze kidogo kabla haijaanza kukaza, milimita 2 mpaka 3 pale kwenye shina lake. Yangu ilikuwa imekazwa mpaka haichezi kabisa kwa sababu kila ikiteleza nilikuwa naikaza, nikidhani nasaidia, kumbe ndo naishikilia klachi iwe imeachia nusu muda wote.

Hapo ndo nikaelewa alivosema la kwanza linazaa la pili. Injini haina pumzi, kwa hiyo kila penye kichanga au mwinuko nabalansi na klachi, yaani naishikilia nusu, ili mlio usizame, nabalansi dakika mbili, tatu, na oili ni ya kuteleza, pleti lazima ziungue. Ningebadili pleti hata mara kumi zingekufa zote.

Kuna spring ngumu zaidi zinauzwa, mzee aliniambia zinakamata vizuri kwa mzigo ila shikio inakuwa nzito na kebo inakatika mapema. Nikachagua za kawaida. Nilichobadili mimi ni mkono wangu, kwenye kichanga sasa naanza namba moja, naachia klachi yote mapema, likikataa nashusha mzigo, sibalansi tena.

Mdogo wangu yuko Msimbati, kuna mtu ana pikipiki ya matairi manne ya kuzungushia wageni ufukweni, maana pale gari linapita juu ya mchanga kabisa. Nayo ikaanza kukosa nguvu, mdogo wangu akanipigia. Hiyo haina shikio ya klachi, ina mkanda wa mpira kati ya puli mbili zinazojibana na kujiachia zenyewe. Nikamuuliza swali la mzee, mlio unapanda au unashuka? Unapanda. Basi mkanda unateleza. Kumbe walikuwa wanapita maji ya bahari yakijaa, maji yakaingia kwenye boksi la mkanda. Kuna plagi ya kutolea maji chini yake, waliifungua, wakaweka nyutro wakavuta mafuta kidogo kidogo mpaka mkanda ukakauka, ikarudi. Wiki mbili mbele ikateleza tena kavu, wakafungua wakakuta mkanda umeng'aa pembeni na umepungua upana, na zile rola ndogo ndani ya puli ya mbele zimelika upande mmoja zimekuwa bapa. Rola bapa hazisukumi puli vizuri. Wakabadili vyote viwili, wakafuta nyuso za puli kwa kitambaa kikavu mpaka mafuta yote yakatoka. Na kama kazi yako ni mchanga na mzigo, rola nyepesi kidogo zinaiacha injini ipande mlio zaidi kabla puli hazijabadilisha, inavuta vizuri kuondoka ingawa mbio za juu zinapungua. Pia ile gia ya L, ya mwendo mdogo na nguvu, ipo kwa ajili hiyo hiyo, wenzetu wanaisahau wanatembea na H, ya mbio, kwenye mchanga mzito mkanda unachemka.

Mwezi wa kumi nilipanda tena mlima wa Kitangari, gunia 6 za korosho, kila moja kama kilo 80, karibu mzigo ule ule. Namba mbili, mafuta nusu, dogo kashika jiwe mkononi tayari kuruka. Tulipofika juu nikasimama, nikashuka nikainama upande wa klachi nikanusa. Palikuwa na harufu ya korosho tu. Dogo akalitupa lile jiwe porini.