Nilifika Nabugoye jua likizama

Balaa lilianzia Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Vijana wa kubadilisha pesa walinizunguka kabla sijashusha mguu wa pili kwenye matatu, na mimi, mtu wa Eldoret ninayejiona mjanja, nikampa mmoja shilingi 5,000 zetu. Alinihesabia noti za Uganda kama mtu anayechanga karata. Nilipozihesabu tena Tororo, ndani ya taksi waliyotubana wanne kwenye kiti cha watatu, zilikuwa zimepungua 20,000. Ni za kwao, najua, lakini hasira ilikuwa ya kwetu.

Foleni ya mpakani nayo ilinila saa tatu nzima. Ndiyo maana nilipanda kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale, siku ya Ijumaa jua likiwa limeshika vichwa vya migomba. Mtu wa boda alitaka 10,000. Nikasema 5,000. Tukasimama langoni tunavutana hadi mwenyeji wangu akatoka, mama wa makamo, kitambaa kichwani, mwalimu wa Kiebrania.

"Mlipe upesi, mwanangu. Sabato inaingia."

Nikalipa 10,000. Kisha nikamnyooshea yeye pesa ya malazi, akarudi nyuma hatua moja na kuficha mikono mgongoni kama mtoto aliyekatazwa sukari. Pesa hadi kesho usiku, nyota tatu zikishaonekana. Simu izimwe. Na ile kalamu?

"Na kalamu pia."

Nilikuwa nimekuja na daftari jipya lenye maswali ishirini na mawili.

Watu wa mwenyeji wangu wanajiita Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Hawakuletewa dini hii na mmishonari. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekia Waingereza mashariki ya nchi kisha wakamnyima ufalme aliouota, alisoma Agano la Kale, akaamua kuwa yaliyoandikwa yafuatwe. Mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe. Nikifikiria ninakotoka, nacheka. Mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi, wakauita mpango wa Uganda, ilhali ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, kwetu kabisa. Wajumbe wakaja kuikagua, na mwaka 1905 mkutano wao ukaikataa. Kwetu walialikwa wakakataa. Hapa hakuna aliyealikwa.

Ibada ilikuwa ya zaburi, Kiganda kikipokezana na Kiebrania, watoto wakipaza sauti hadi masikio yananiwasha. Chakula kilikuwa matoke na maharage yaliyoachwa juu ya makaa tangu alasiri, na chai ya vuguvugu. Mimi na chai ya vuguvugu hatupatani, lakini jiko haliwashwi Sabato, nikainywa.

Mwalimu aliongea Kiswahili kikavu, cha kuamrisha. Nikamuuliza alikisomea wapi.

"Mlangoni."

Amin alipopiga marufuku dini yao, masinagogi yakavunjwa, na jamii ya watu kama 3,000 ikabaki na kama 300. Wengine walienda msikitini, wengine kanisani. Baba yake hakwenda popote. Ijumaa usiku alisali chumba cha ndani kwa kunong'ona, na binti yake wa miaka saba akawekwa mlangoni. Askari walipita njiani wakisema Kiswahili, lugha ya jeshi. Akisikia Kiswahili, akohoe.

"Kazi yangu ilikuwa kukohoa," alisema, akakohoa mara mbili, kifupi, ngumi mdomoni. Mjukuu wake aliyekuwa akisinzia mkekani akafumbua macho.

Kisha Aprili 1979 Kampala ikatekwa na wanajeshi wa Tanzania, na jioni ya tarehe 11 ikawa ndiyo jioni ya kuingia Pasaka, usiku ambao Wayahudi husimulia walivyotoka Misri. "Waliotufungia walisema Kiswahili. Waliotufungulia walisema Kiswahili. Sasa wewe umekuja na Kiswahili chako laini, nikuweke wapi?"

Sikuwa na jibu, na kalamu ilikuwa mfukoni.

Wengi wa kizazi chake wameufanya wokovu ule kuwa kazi. Anayejulikana zaidi ni Rabi Gershom Sizomu, mjukuu wa mmoja wa wazee walioiongoza jamii, aliyekwenda kusoma Los Angeles, akawekewa mikono mwaka 2008 na kurudi kilimani. Wengine ni walimu, wahudumu wa zahanati, wakulima wa kahawa. Mwalimu hakunirembea maneno. "Baba alisali bure, shingo yake mkononi. Mimi nasali kwa mshahara, tena haufiki mwisho wa mwezi." Kuna siku, alisema, anasahihisha madaftari ya Kiebrania na kuona aibu kwamba anachowaza ni karo ya wajukuu. Darasani ana sheria moja: hakuna kunong'ona. Mtoto akisoma sala kwa sauti ndogo, anaanza upya.

Jumamosi nilishinda nikiutazama mlima Wanale ukibadilika rangi, njaa ikinisumbua. Usiku tulisimama uani tunahesabu nyota. Ya tatu ilichelewa kwa wingu. Nikalipa deni langu, 60,000, ghali kwa kitanda kile chenye bonde katikati. Akazihesabu polepole, moja moja, tofauti na yule wa Malaba.

"Na nyinyi Eldoret, 2008?"

Nikamwambia vurugu za baada ya uchaguzi zilimfanya mama yangu alale wiki sita kwenye uwanja wa maonyesho, nami nikiwa mgongoni mwake. Zaidi ya hapo sijui, hajawahi kusimulia.

"Ulimuuliza?"

Jumapili ilikuwa ya basi tu, na mvua Bungoma. Lakini usiku ule ule wa Jumamosi niliwasha simu, nikampigia mama kwa bei ya wizi. Aliuliza kama nimekula. Tukaongea habari za ng'ombe hadi salio likakatika.