Tasbihi ya kuhesabia "yaani"

Usiku wa kwanza niliposimama mbele ya wenzangu kufanya mazoezi ya kutoa mawaidha nilipewa dakika 5 na mada niliyoiona nyepesi: subira. Tulikuwa akina dada 11, tumeshaswali Isha, tumejikusanya katika darasa lisilo na kipindi. Nikamhimidi Allah, nikamswalia Mtume, nikaisoma khutbatul haja, ule utangulizi wa hotuba uliopokewa kwa Mtume, yote kwa Kiarabu bila kukwama hata herufi moja. Moyoni nikasema, leo wamenipata. Kisha nikatamka "amma baad", ama baada ya hayo, nikaingia kwenye maneno yangu mwenyewe, na ulimi ukawa mzito kama si wangu.

"Subira, yaani, ni jambo ambalo, yaani, Muislamu yaani..."

Nilipokaa, mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja akaniinulia tasbihi yake. Kumbe muda wote ule hakuwa akivuta uradi. Alikuwa akisukuma punje moja kila niliposema "yaani". "Nimezimaliza zote 33," akaninong'oneza, "nikaanza upya, nikafika ya 8."

Wote walicheka. Mimi nilicheka kesho yake.

Amira wetu, dada anayetuongoza, hakuzigusa hizo "yaani". Yeye alikuwa ameangalia saa. Akaniambia, "Dada, dakika 2 kati ya 5 umesoma ulichohifadhi tangu madrasa. Hapo hukuwa ukizungumza, ulikuwa umejificha." Tangu siku hiyo ikawa kanuni: mwanafunzi mpya anahimidi na kuswalia kwa ufupi, kisha anaingia kwenye mada. Kuna waliolalamika kwamba tunaiacha sunna. Amira akawajibu kwamba siku ukialikwa kwa kweli, isome yote. Hapa tunafanyia mazoezi pale unapojikwaa, si pale unapoteleza vizuri.

Kanuni ya pili nilijiletea mwenyewe. Wiki ya tatu nikanogewa, nikasema kwa sauti ya juu: "Mtume amesema, itafuteni elimu hata China!" Mkono ukanyooshwa nyuma. "Imepokewa na nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeisikia kwa kila mtu, basi nami nikaibeba. Nilipokwenda kuitafuta nikakuta wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha, na mmoja wao, Ibn al-Jawzi, ameitia kabisa katika zile za kutungwa. Kusahau hoja mbele za watu ni aibu ya dakika moja. Kumsingizia Mtume ni jambo jingine. Sasa kila mtu anakuja na kikaratasi: aya imeandikwa pamoja na sura yake, hadithi pamoja na aliyeipokea. Na aya tunaisoma tukiwa tumeitazama, hata mwenye kuhifadhi juzuu nyingi, maana magoti yakitetemeka tajwidi, zile kanuni za kuisoma Qurani, hutangulia kukimbia.

Lakini nirudi kwenye "yaani", kwa sababu ndiyo iliyonitesa zaidi. Nilijirekodi kwa simu nikawa nasikiliza usiku nimejifunika shuka. (Hakuna adhabu kama kusikia sauti yako mwenyewe ikitoa mawaidha.) Nikagundua kwamba "yaani" haiji nikiwa sijui la kusema. Inakuja nikiogopa kimya. Dawa ikawa kufumba mdomo pale neno linapotaka kutoka, nikavuta pumzi, ndipo nikaendelea. Nikiwa mbele ya watu kile kimya nilikiona cha mwaka mzima. Kwenye rekodi kilikuwa sekunde 2.

Ndipo nikaielewa hadithi ya Bibi Aisha iliyo katika Bukhari, kwamba Mtume alikuwa akizungumza, na lau mtu angetaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Zamani niliisoma kama sifa tu. Kwangu mimi kilichohesabika kilikuwa takataka.

Kila kikao tunakifungua kwa dua ya Nabii Musa katika sura Twaha: akunjuliwe kifua, arahisishiwe kazi yake, afunguliwe fundo la ulimi, wapate kuyafahamu maneno yake. Tunaishia hapo, aya ya 28, tunasema amin. Mimi siku hizi kimoyomoyo naendelea mpaka ya 30, maana Musa hakuishia kwenye ulimi: aliomba na msaidizi katika watu wake, Harun nduguye. Harun wangu ana tasbihi.

Juzi nilikuwa natetea pendekezo la utafiti wangu mbele ya walimu 4, katika ukumbi mkubwa kuliko darasa letu. Mwenzangu wa tasbihi alikaa safu ya mwisho, mkono ndani ya mtandio. Nilipomaliza nikamtazama kabla sijawatazama walimu. Akatoa vidole 3. Kisha mwalimu mmoja akaniuliza kwa nini nimechagua sampuli ndogo kiasi kile, nikafungua kinywa, na nikauona ule mkono unarudi ndani ya mtandio.