Bustani yangu ya Kigamboni inavyovuka kiangazi

Wapita njia wakisimama getini kwetu mwezi wa Februari, wengi huuliza habari ya maji. Wanaiona mbogamvilia imefunika ukuta, asumini imechanua, nyasi chini ya mpera bado zina rangi yake, wakati mtaa mzima umekauka. Wanadhani tuna laini ya maji ya peke yetu. Hatuna. Tunatumia kisima chenye maji ya chumvi kama nyumba nyingi za huku Kigamboni, na maji ya kunywa na kupikia tunanunua kwa boza. Siri yote ni kwamba bustani ya kiangazi naitengeneza masika. Jua likishaanza kuchoma Desemba, kazi inayobaki ni kuulinda mmea ambao mizizi yake imeshashuka chini.

Udongo wa hapa ni mchanga mtupu. Mwaga ndoo ya maji, yanapotea kabla hujaiweka ndoo chini. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba ni ya kubahatisha, kisha inaingia kaskazi. Januari na Februari joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, usiku nao haupoi vya kutosha, na upepo unatoka baharini na chumvi yake. Mmea wenye jani laini unaungua kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni.

Kabla ya kununua mche hata mmoja nilitaka kulijua jua la kiwanja changu. Jambo hili watu hulipita haraka, na kwangu ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita halikai upande mmoja mwaka mzima. Juni linapita kaskazini ya utosi, Desemba linapita kusini, na mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba linapita juu ya kichwa kabisa. Sasa tazama maana yake kwa mwenye bustani. Ukuta wa kusini wa nyumba, ambao Julai una kivuli kizuri mchana kutwa na unakushawishi kupanda majani mapana ya kivulini, ndio huohuo unaopigwa na jua la mchana Desemba. Ukuta wa kaskazini ndio unaopata nafuu wakati wa joto kali. Nilichukua chokaa nikachora ukingo wa kivuli saa nne, saa sita na saa tisa, mara ya kwanza Julai na mara ya pili Desemba. Mistari ile miwili ilikuwa mbalimbali kiasi cha kuwafanya wanangu waniulize kama nyumba imesogea.

Kwa hiyo upande wa kusini nikaweka mbogamvilia na mkomamanga, mimea inayopenda jua kali. Upande wa kaskazini nikaweka mimea ya majani mapana jamii ya magimbi, ambayo inahitaji mwanga lakini haiwezi moto. Magharibi, linakotoka jua la alasiri ambalo ndilo baya kuliko yote, tulikuta mwarobaini. Fundi alitaka kuukata ili nyumba ionekane kutoka barabarani. Nilikataa. Tuliupogoa matawi ya chini tu, hewa ikapita, na pembeni yake nikapanda mpera. Anayeanza bustani huku Pwani asiguse mti wenye kivuli mpaka awe ameishi nao kiangazi kimoja. Maua unaweza kuyapata kwa miezi michache, kivuli kinataka miaka.

Kuhusu mpangilio wa rangi, nilipata ushauri kwa shangazi yangu wa Tanga. Alikuja kutusalimia, akazunguka kiwanja, akanikuta na orodha yangu ya maua mekundu na ya njano niliyotaka kuyapanga kuzunguka baraza.

"Hapa mnakaa saa ngapi?" akaniuliza.

"Jioni, shangazi, baada ya magharibi."

"Sasa mwanangu, giza likiingia huo wekundu atauona nani? Barazani weka vya kunukia. Asumini hapa, mrehani pale mlango wa jikoni, mkono ukipita unukie."

Alikuwa sahihi kabisa. Asumini nyeupe inaonekana hata kwenye mwanga hafifu, na harufu yake hutoka usiku, wakati sisi tumekaa. Rangi kali nikazipeleka mbele, kwenye ukuta wa barabarani, kwa sababu jua la saa saba hufifisha rangi zote za upole na kubakiza zilizokolea kama zambarau na nyekundu ya mbogamvilia. Mkomamanga nao ukichanua, ua lake jekundu linaonekana kutoka mbali. Miche mirefu ipo nyuma, ya wastani katikati, na kwenye ukingo wa njia nimepanda mchaichai, unaoshika mchanga na kutupatia chai.

Miche nilinunua kwenye vitalu vya barabarani. Kuna mzee mmoja muuza miche aliyenifundisha kuchagua. Aliniona nimeshika mbogamvilia iliyojaa maua, akaniambia, "Mama, hiyo imesimama chini ya neti tangu izaliwe. Chukua hii iliyokaa juani, hata kama haina ua." Tangu hapo naangalia kiriba, yaani mfuko wa mche, kilikaa wapi na kama mizizi imezunguka na kujisokota chini. Mche mdogo wenye mizizi iliyonyooka, uliozoea jua, unaupita ule mkubwa wa kupendeza kabla mwaka haujaisha. Na akaongeza neno ambalo nimelishika: "Mbogamvilia ukiidekeza haitoi maua." Ndivyo ilivyo. Ukiipa maji mengi na samadi nyingi inatoa majani tu. Ikikaukiwa kidogo ndipo inapochanua, na hiyo inaifanya kuwa mmea wa kiangazi hasa.

Tulipanda Aprili, mvua ikinyesha. Kila shimo la mti lilikuwa na sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, nikachanganya mchanga uliotoka na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, mboji, na chenga za mkaa zinazobaki chini ya gunia. Chenga hizo wengi hutupa. Kwenye mchanga kama wetu husaidia kushika maji na rutuba visizame moja kwa moja, ila nazichanganya kwanza na samadi na kuziacha zilowe, zisije zikanyonya chakula cha mche.

Maji yetu ni ya aina mbili na kila moja ina kazi yake. Ya chumvi nayapeleka kwa mimea inayoyavumilia: mbogamvilia, mkomamanga, na nyasi za Pemba zile za jani pana, ambazo hustahimili kivuli na hewa ya bahari. Namwagilia mara chache lakini kwa wingi, mpaka maji yashuke chini kabisa. Ukimwagilia kidogokidogo kila siku, maji yanaruka na jua na chumvi inabaki palepale penye mizizi. Utaiona kama ukungu mweupe juu ya udongo na kwenye midomo ya vyungu. Maji mengi kwa mara moja yanaisukuma chumvi chini, na hapo mchanga wetu unatusaidia kwa sababu hautuamishi maji. Pia siyanyunyizii majani. Tone la chumvi likikauka juu ya jani juani, linaacha doa la kuungua.

Maji ya mvua ni ya asumini, mrehani na vyungu. Tumefunga mifereji kwenye bati na tangi la lita 5,000. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 20, karibu lita 2,000 zinaingia kwenye tangi. Vuli hata ikiwa mbovu, siku chache za mvua nzuri zinalijaza. Tangi likijaa katikati ya Desemba, nikitumia madumu matatu ya lita 20 kwa siku, nafika mwanzoni mwa Machi, masika yakikaribia.

Ili madumu matatu yatoshe, nimezika mitungi. Ni mitungi ya kawaida ya udongo, isiyopakwa rangi. Nauzika mtungi mpaka shingoni, kati ya mimea miwili au mitatu, naujaza maji ya mvua na kuufunika kwa kigae. Maji yanapenya polepole kwenye ukuta wa mtungi na kuingia kwenye udongo unaouzunguka, na mizizi inaufuata. Tulipofukua mmoja uliokuwa na ufa, tulikuta vijizizi vya asumini vimeukumbatia kama wavu, vyembamba na vyeupe, kuanzia kitako mpaka mabegani. Juu ya ardhi palikuwa pakavu kabisa. Maji ya chumvi siyaweki humo, kwani huziba vitundu vya udongo. Na kigae lazima kikae vizuri. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake hutaga kwenye maji yaliyotuama karibu na nyumba. Visahani vya chini ya vyungu nimevijaza mchanga kwa sababu hiyohiyo.

Kitu cha mwisho kinachofanyika kabla ya jua ni matandazo, yaani kuufunika udongo usikauke. Natumia makumbi ya nazi, ambayo huku yanapatikana bure kwa wauza nazi. Makumbi nayo yana chumvi yake, kwa hiyo nayarundika nje masika yote yaoshwe na mvua, kisha nayapasua kwa panga na kuyatandaza kufikia unene wa sentimita 8 hivi, mgongo juu. Mchana wa Januari mchanga ulio wazi hauwezi kuukanyaga pekupeku. Inua kumbi, chini yake utakuta unyevu na nyungunyungu. Naacha nafasi ya shibiri moja kutoka kwenye shina na nafasi kubwa zaidi kutoka ukutani, maana mchwa hupenda makumbi kuliko sisi.

Kiangazi chenyewe kazi ni nyepesi. Natoka alfajiri, kabla jua halijapanda, nazunguka na kikombe changu cha chai huku nikiangalia chini ya majani. Adui mkubwa wa maua yetu ya hibiskasi ni vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, usiwapuuze, kwa sababu wanafuata utamu unaotolewa na vidung'ata na wanawalinda. Nawafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, wakizidi nachanganya na mafuta ya mwarobaini na kupulizia jioni. Dawa kali sijawahi kuhitaji. Mbolea nasimamisha kuanzia Januari. Mmea wenye kiu haufai kulishwa. Nyasi tunakata kwa slasha zikiwa ndefu kidogo, ili jani lenyewe liutie udongo kivuli. Kijana anayetusaidia alikuwa akizinyoa hadi chini, akiona ndio usafi, mpaka nilipomwonyesha sehemu mbili zilizokatwa tofauti na zilivyokuwa baada ya wiki mbili za jua. Siku hizi yeye ndiye anayewaelekeza wengine mtaani.

Mbogamvilia naipogoa maua yakishaanguka, kwa sababu huchanua kwenye chipukizi jipya. Asumini naipogoa mvua zinapokaribia. Kila kinachokatwa kinarudi kwenye mboji, isipokuwa matawi yenye vidung'ata, hayo nachoma.

Majirani wakiniomba mbegu Februari nawaambia waje Aprili, na wanakuja kweli. Mbogamvilia nawakatia tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa shibiri, natoa majani yote na kulisimika kwenye kiriba cha mchanga na mboji, likae kivulini bila kung'olewa kuangaliwa kama limetoa mizizi. Asumini ni rahisi zaidi: unalaza tawi refu chini likiwa bado kwenye shina mama, unafukia pingili moja, unaweka jiwe juu. Kipupwe kikiisha, ukilivuta taratibu na likagoma, kata upande wa mama, uchimbue na udongo wake, ukapande kwako karibu na baraza.